Dakika Ambazo Fundi Saa Hakuzihesabu

Mambo yaliharibika siku ya Jumanne, saa nne na dakika saba asubuhi. Naijua saa hiyo kwa sababu mimi ni fundi saa, na ndiyo kwanza nilikuwa nimetazama ukutani. Baada ya hapo sikutazama tena.

Binti yangu alikuwa amekaa sakafuni, kibandani kwangu, akipanga skrubu kwa ukubwa. Ana miaka saba. Anaongea kuliko redio.

"Baba, hii saa inasema uongo."

"Imechoka. Wewe mbona huchoki?"

Akacheka. Kicheko kikakatika katikati. Akageuza kichwa kushoto, polepole, kuelekea kona isiyo na kitu, kama mtu aliyeitwa jina lake. Midomo ikawa inatafuna, na mdomoni hamna kitu.

Mama yake alikuwa akigeuka hivyohivyo, upande uleule. Na mama yake alifariki huyu akiwa hajaota hata jino moja. Nani alimfundisha?

Kisha akaanguka, akakakamaa, akaanza kutetemeka. Saa zangu zote ziliendelea kugonga, kila moja na wakati wake.

Mama Vifungo, jirani anayeuza nyuzi na vifungo, akaja mbio.

"Mama yake anamwita huyo! Mshike! Mtie kijiko asimeze ulimi!"

Kijiko sikuwa nacho. Nilikuwa na bisibisi. Nikamkandamiza mtoto, nikamlazimishia mpini wa bisibisi kati ya meno. Jino likang'oka. Watu waliojaa mlangoni wakarudi nyuma: "Usiguse mate yake, utaambukizwa!"

Alipotulia nikambeba hadi zahanati. Mlango naujua. Mama yake nilimpitisha hapo mara nne. Mara zote walimpa vidonge vya maumivu ya kichwa, wakasema, "Apumzike. Mwingine!"

Safari hii tulimkuta nesi mgeni, mrefu, mwenye sauti ya chini.

"Alitetemeka dakika ngapi?"

"Mwaka mzima."

"Kazi yako nini, baba?"

Niliona haya. "Fundi saa."

Hakucheka. Akampima joto, akamfungua mdomo. "Na pengo hili?"

"Ni mimi."

Akavuta kiti. "Sikiliza, baba. Hakuna anayemeza ulimi wake. Usimtie kitu mdomoni, wala usimshike kwa nguvu. Ondoa vya kumuumiza, weka nguo laini chini ya kichwa, legeza nguo shingoni. Mlaze ubavu, mate yatoke. Halafu fanya kazi yako: tazama saa. Zikipita dakika tano, au ikimrudia kabla hajazinduka, au akipumua kwa shida, mkimbize hapa. Maji na dawa ya kumeza, asipewe mpaka azinduke kabisa."

"Na anayemwita?"

"Nani anamwita?"

"Hugeuka kushoto. Kama mama yake."

Nesi akachukua kalamu. "Huu unaonekana ni ugonjwa wa kifafa. Unatoka kwenye ubongo. Sehemu ileile ikivurugika, kichwa hugeukia upande uleule. Si mzimu, na mate hayaambukizi. Mtoto mdogo mwenye homa naye huweza kutetemeka, ndiyo degedege. Huyo pia mlaze ubavu, kisha mlete haraka, homa itafutwe chanzo. Wako hana homa. Nawaandikia barua ya hospitali kubwa. Wakimpa dawa, asiruke hata siku moja, hata akionekana mzima. Na asiachwe peke yake penye moto au maji."

"Maji kiasi gani?"

"Hata ya beseni."

Nilishika ukingo wa meza. Mama yake tulimkuta amefia kwenye beseni la kufulia. Maji yalifika kiwiko tu. Watu walisema kuna kitu kilimvuta.

Hospitali walimpima, wakampa dawa. Wiki ya tatu, Ijumaa mchana, akageuka tena kushoto. Mama Vifungo akaingia na kijiko kipya, amekinunulia kazi hiyo.

"Dada, kijiko ni cha uji! Nipe khanga."

Nikaikunja chini ya kichwa. Nikasogeza skrubu. Nikamlaza ubavu, nikatazama mshale wa sekunde. Mkono ulitaka kumshika. Nikauzuia. Dakika moja. Moja na nusu. Dakika mbili na sekunde kumi, akatulia. Tulikaa naye mpaka akafumbua macho.

"Baba, nani ameniita?"

"Hakuna, mwanangu. Ubongo wako umejiita wenyewe."

"Basi uambie niko hapahapa."

Sasa ni mwezi wa tano hajaanguka. Shuleni mwalimu anajua la kufanya. Mama Vifungo anafundisha wateja wake wote, utadhani dawa kaigundua yeye. Lile jino nimelihifadhi kwenye kikopo cha skrubu, linikumbushe.

Nilirudi zahanati kumwona mkuu wao. Akasema faili la mke wangu halionekani. Nikamwambia sitafuti faili. Yale maneno ya nesi nimeyarudia nyumbani, nikayapima kwa saa: dakika tatu, na kuvuta kiti kumo.

Mara nne nilimbeba mke wangu kupitia mlango ule. Nani alikosa dakika tatu?