Mgonjwa Namba Kumi na Saba

Kimya aliruka ukuta wa maegesho ya hospitali, akaangukia goti, akainuka akichechemea.

Redio ilikwaruza sikioni. Ni Mkuu wake wa kazi.

"Mwizi kaingia chumba cha kufulia. Bahasha isifunguliwe."

"Nimekupata."

Bahasha ilikuwa na karatasi moja tu. Wagonjwa arobaini wa saratani sugu ya damu, ambao dawa ya zamani ilikuwa imegonga mwamba, walikuwa wakijaribiwa dawa mbili kwa pamoja. Nusu yao walipewa zote mbili kweli. Kwa wengine, kidonge cha pili kilikuwa kitupu, pacha wa kile chenye dawa. Nani anameza nini, hata madaktari hawakujua. Karatasi ile ndiyo iliyojua. Ikisomwa, jaribio linafutwa na dawa zinasimamishwa siku hiyo hiyo. Wauza dawa wa nje, wasiotaka mpinzani, walikuwa wametuma mtu aisome.

Namba kumi na saba alikuwa dada yake Kimya, aliyemlea tangu mama yao afariki. Wiki tatu sasa alizidi kukonda.

Mwizi alikuwa kati ya mashine za kufulia, kajivika koti la daktari, ukucha uko kwenye gundi ya bahasha.

Kimya alichomoa bastola yake, Glock.

"Weka chini."

"Dada yako ni namba kumi na saba," mwizi alisema kwa upole. "Tuifungue tuone wote. Hutaki kujua?"

Alitaka.

Alimpiga kitako cha bastola, akamfunga pingu kwenye bomba.

Kisha akabaki peke yake na bahasha. Aliinyanyua kuelekea dirishani. Vivuli vya maandishi vilionekana, mstari juu ya mstari.

Akaishusha.

Alimkabidhi mfamasia mkuu ikiwa imefungwa vilevile, akapanda wodini. Dada alikuwa ameshika vidonge viwili kiganjani.

"Mdogo wangu, wewe hujui kunidanganya. Napewa dawa au napewa unga?"

"Sijui, dada."

Dada alimkazia macho mpaka akaridhika kwamba ni kweli. Akameza vyote viwili.

Kimya alivaa miwani ya jua humo humo wodini, akatoka taratibu, dada asimwone analia.