Milango ya Pijo ya Mzee Mwidani

Mlango wa gari la Pijo ulipofunguliwa, ubao wake wa ndani ulibanduka wote, ukamwangukia kijana mmoja kwenye vidole vya miguu.

Hapo ni Likoni, kwenye foleni ya feri, jioni watu wakitoka kazini. Mwaka ulikuwa 1984. Honi hazikomi, wauza korosho wanapita baina ya magari. Mwanatabu alikuwa anashuka tu anunue dafu. Buibui lake jipya lilinukia udi, na uso ulimjaa haya.

“Yarabi! Nisamehe, kaka. Umeumia?”

“Mimi mzima. Ila gari lenu, dada, limevukwa na nguo mbele za watu.”

Mwanatabu alicheka kabla hajajizuia. Kijana alikuwa mrefu, shati la samawati amelifunga vifungo hadi shingoni, na begani amebeba jora la raksini nyekundu, ile ngozi ya bandia ya kushonea viti vya magari.

“Wewe fundi au mchekeshaji?” aliuliza Mjomba Bakari aliyeshika usukani.

“Fundi, mzee. Kahindi wa Junda, kibanda changu kiko njia ya Mtongwe. Mbao hizi zimeoza. Zote nne zataka kubadilishwa.”

Pijo ile kuukuu ilikuwa ya Mzee Mwidani, baba yake Mwanatabu. Macho ya mzee yalikuwa yamefifia, ndiyo maana shemeji yake Bakari aliiendesha. Wiki ileile gari likafikishwa kibandani.

Fundi mwingine angemaliza milango minne kwa siku mbili. Kahindi alifanya mmoja kwa wiki. Mjomba akienda kuswali alasiri, Mwanatabu alibaki kwenye benchi, leso kichwani, akimtazama anavyokata hadibodi za mbao mpya, anavyotandika sponji na kuivuta raksini mpaka ikakaza. Kabla ya kuupachika ubao, Kahindi alibandika kwanza karatasi ya nailoni juu ya bati la mlango.

“Hiyo ya nini, na wala haionekani?”

“Mvua hupenya kwenye kioo, roho yangu, ikateremka ndani ya mlango. Bila nailoni maji yataufikia ubao. Utavimba, utoe maji ya kahawia kama chai.”

“Na roho yako ni nani?”

“Aliyeuliza.”

“Mwongo we! Una roho ngapi huko Junda?”

“Wallahi, moja tu.”

“Wallahi ya Mkristo!”

“Nitasilimu, si nimekwambia? Hapo utaniamini.”

Kila Jumatano Kahindi alipiga simu kwenye duka la jirani, Mtongwe. Mwenye duka aliita, “Mwanatabu! Simu yako ile!” na wanawake waliokuja kununua unga walikohoa kwa makusudi. Mwanatabu alikifunika kinywa cha simu kwa leso na kunong’ona. Siku moja alinong’ona hivi:

“Nimemwambia baba.”

“Alaa! Akasemaje?”

“Hakugombana. Kasema, ‘Amalize milango yangu, kisha aje. Nitakuwa nimemjua kwa kazi yake.’”

Kahindi alitoka kwenye kibanda cha simu akitabasamu peke yake barabarani.

Mwezi wa Shaabani ukaingia, na mvua za Mei pamoja nao. Dhahabu, dada mdogo wa Mwanatabu, aliposwa kwa haraka ili harusi iwahi kabla ya Ramadhani. Mwanatabu hakuwa mtu wa kutoa mambo ya nyumbani nje, na Kahindi hakujua hata kwamba kuna dada. Mwanamke wa kupaka hina alipofika nyumbani kumchora mwali, aliijaribu hina yake kwanza mikononi mwa Mwanatabu, aone kama imeiva. Iliiva. Maua mekundu yakapanda mpaka karibu na kiwiko.

Siku ya pili Mwanatabu alifuatana na mjomba kibandani. Milango miwili ilikuwa tayari, miwili ya nyuma bado. Kahindi akaiona mikono ile. Pwani nzima yajua kwamba hina ya namna hiyo hapakwi msichana ila akiolewa. Mwanatabu aliona haya, akaificha ndani ya buibui.

“Fundi, harakisha,” Mjomba Bakari alisema. “Jumapili gari hili labeba bibi harusi.”

Kahindi alichukua kisu chake. Mwanatabu alimngojea atanie, aulize, aseme lolote. Kahindi aliinama akaendelea kukata.

“Kahindi, u mgonjwa?”

“Nina kazi.”

Walipoondoka, aliing’oa ile nailoni kuukuu ya milango ya nyuma akaitupa. Mpya ilikuwa palepale mezani. Aliitazama, akaiacha. Mbao akazipachika hivyohivyo, akizigonga kwa ngumi.

Jumatano simu haikuja. Mwanatabu alikaa dukani mpaka mwenye duka akaanza kufunga madirisha.

Jumapili mvua ilinyesha kama imetumwa. Kahindi, aliyesema haendi, alijikuta amesimama Mtongwe chini ya kibaraza, ng’ambo ya nyumba ya Mzee Mwidani. Pijo ilizunguka mitaa na bibi harusi, kisha ikarudi. Vigelegele vilianza, vikakatika. Mlango wa nyuma ulifunguliwa, akashuka bibi harusi analia. Gauni lake jeupe lilikuwa na michirizi ya kahawia kutoka nyongani mpaka pindoni. Na aliyekuja mbio na mwavuli kumfunika, hina mikononi, alikuwa Mwanatabu.

Kahindi aliondoka pale kibarazani, mvua ikimpiga.

Kesho yake alipiga simu.

“Haloo?” Sauti ya Mwanatabu ilikuwa ndogo.

“Nilidhani ni wewe uliyeolewa.”

“Mimi? Niolewe na nani mwingine?”

“Niliiona hina.”

“Hina!” Akacheka na kulia kwa pamoja. “Mpumbavu wangu, si ungeuliza? Wiki nzima umenitesa. Nikajiuliza nimekukosea nini.”

“Nisamehe, laazizi.”

“Nimekusamehe. Njoo kwa baba. Njoo kabla hajakuchukia kwa ile milango. Mwambie gundi ya nailoni ilikuwa mbaya.”

Kahindi alikwenda amevaa kanzu ya kuazima. Mzee Mwidani alimkaribisha sebuleni, akamwekea kahawa. Nyuma ya pazia la mlango wa ndani, Mwanatabu aliketi mkekani, magoti kifuani.

“Kahindi,” mzee alianza, “milango ya nyuma ilivuja. Ilikuwa gundi?”

Kahindi alikuwa na jibu tayari, amelirudia njia nzima. Akamtazama mzee, jibu likampotea.

“Hapana, mzee. Sikuweka nailoni.”

“Ulisahau?”

“Sikusahau. Nilikuwa na hasira.”

“Ulijua mvua ikinyesha gauni litachafuka?”

“Nilijua.”

“Na ulidhani nani atakayekaa pale, amevaa gauni lile?”

Mvua ilidondoka paani. Kahindi aliinamisha kichwa.

“Mwanatabu.”

Mzee hakupaza sauti. Alikizungusha kikombe chake cha kahawa.

“Umesema kweli, na mwongo nisingemkalisha hapa. Sikukatai mimi. Dini yetu i radhi kukupokea. Lakini anayeolewa si mimi, nitamuuliza yeye. Nawe ujue, kwetu mwanamwali akiulizwa akanyamaza, huko ndiko kuridhia kwake. Hatumlazimishi kutamka.” Akageukia pazia. “Mwanatabu.”

“Abee, baba.”

“Umeyasikia yote. Fundi Kahindi anakuposa. Wasemaje?”

Kahindi alilikazia pazia macho. Alimjua binti huyu: anavyojificha nyuma ya leso, maneno yanavyomkwama hata akiamkiwa na jirani. Aliomba kwa Mungu wake na kwa Mungu wa mzee, amnyamazishe kidogo tu.

Nyuma ya pazia Mwanatabu aliitazama mikono yake. Hina ilikwisha kufifia. Alimpenda, na alijua angempenda mpaka kaburini. Akilini alimwona pia peke yake kibandani, nailoni iko mezani mbele yake, anafikiri, kisha anaiacha. Kunyamaza ndiko kulikokuwa rahisi kuliko yote. Maisha yake yote alikuwa amenyamaza.

“Hapana, baba,” alisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, ikasikika mpaka uani.