Mashine ya Kuwaonyesha Wageni

Mluzi mwembamba ulimwamsha Chamima. Alitabasamu macho yakiwa bado yamefumbwa, akidhani ni ndege kwenye paa la makuti. Asubuhi ilikuwa tulivu. Alipogeuka, akaona: mluzi ulitoka kifuani mwa mwanawe Rafique, na mbavu zake zilididimia kila alipovuta pumzi.

Akambeba, akakimbia hadi kituo cha afya.

Ndugu zangu, mnakijua kituo kile kando ya barabara ya Palma. Madaktari wa hospitali moja ya Ureno, washirika wetu, walileta mashine ya oksijeni ya watoto, wakamfunza nesi Delfina kuitumia. Nasi tukaifanya nini? Tukaifanya kama sahani za kabatini, zile tusizozilia mpaka aje mgeni! Ilivishwa nailoni, juu yake kitambaa cha kufuma, na chumba kikafungwa.

"Chefe, nifungulie," Delfina alisema, mtoto mikononi.

Custódio, mkuu wa kituo, akasita. "Wareno wanakuja wiki ijayo. Wakiikuta imechakaa watasema hatujui kutunza. Ngoja niite gari la wagonjwa kutoka Palma."

"Gari gani tena? Midomo imeanza kuwa buluu!"

"Baba, na huyu ni mgeni," Chamima alimsihi. "Hajamaliza hata mwaka hapa duniani."

Custódio akaona haya, akatoa funguo. Wakachana nailoni. Lakini Delfina hakuwa ameigusa mashine ile tangu siku ya mafunzo. Akachomeka mpira wa hewa huku, ukachomoka; akajaribu kule, hewa haikutoka. Chamima alisimama tu, ameshika kile kitambaa, hana la kufanya. Mluzi ukafifia, ukakatika.

Ndipo mashine iliponguruma, mpya, safi, ikimpulizia hewa mtoto asiyeivuta tena.

FUNZO

Msaada unaofungiwa ili upendeze, bado haujapokewa. Ujuzi nao hufa usipotumiwa. Wageni hawakutuletea pambo! Tuliogopa aibu mbele yao, tukamzika mtoto wetu, tusimsingizie Mungu. Wakuu wa vituo, kamati za vijiji, fungueni mlivyovifungia!

Siku ya matanga Delfina alipiga magoti mkekani, akamshika Chamima mikono mbele ya wanawake wote. Chamima hakuinua macho.

"Dada yangu, siwezi kukurudishia Rafique," Delfina alisema. "Lakini naahidi, hawa wote wanisikie: kila asubuhi nitaiwasha, nitamfundisha kila nesi, na chefe mwenyewe, mpaka mikono yetu iiweze hata tukifumba macho."