Hodi katika Chumba cha Kompyuta

Hebu kiweke machoni chumba kimoja cha chuo pale Chumbageni, miaka ile biashara ya nje ilipofunguliwa na kompyuta za mtumba zikamiminika. Madirisha yamezibwa kwa mbao, wezi wasipenye. Ni mchana. Rafiki yangu Tuhfa, fundi wa kompyuta, yumo peke yake, amejifungia kwa komeo.

Kompyuta moja, waliyoiita mama, ilitakiwa kuzigawia nyingine nakala ya programu huria kupitia nyaya. Lakini kila zilipoita, mama hakujibu.

"Tuhfa mwanangu," Mzee Massoud, mwenye chuo, alikwisha kumwambia, "kesho wanafunzi wanaingia. Zikigoma, nawe katafute kazi kwingine."

Baada ya kuhangaika sana, Tuhfa akabadili mpangilio: mama amjibu yeyote atakayeita. Papo hapo kompyuta zote zikaanza kupokea.

"Kumbe mlitaka kubembelezwa tu!" akazicheka.

Umeme ukakatika. Giza likamfunika. Feni zikafifia, kukawa kimya. Kisha, karibu naye, kikasikika kitu kikikwaruza taratibu, kama diski inayoandika.

"Hodi," ikasema sauti ya upole.

Tuhfa amelelewa kutomwacha mgeni bila jibu. "Karibu," akaitikia, akapapasa hadi mlangoni, akafungua komeo. Uani palikuwa na jua kali, wala hapakuwa na mtu.

Alikimbia bila viatu, na kazi akaiacha.

Nawe, mwenzangu, nakuomba ukumbuke jambo moja tu: hodi ile ilipigwa mle mle ndani.