Rubani Aliyekataa Kujibu

Siku ya usaili watu walijaa hadi kwenye ngazi. Tangazo lilikuwa limesema wanatakiwa vijana wa kusomea kazi ya kuongoza ndege, na ilionekana nusu ya vijana wa jiji wamelisoma. Waliovaa suti walilowa jasho ndani ya suti zao. Wasichana waliokuja na visigino virefu walikuwa wamevivua viatu na kuvishika mkononi.

Chiriku hakuvua vyake. Alivaa gauni la buluu lililomkaa vizuri kiunoni, na nywele zake zilikuwa zimesukwa na kukusanywa zote utosini. Huko utosini ndiko ilikokuwa shida. Kila mtahiniwa alipewa hedifoni, na ya kwake ilikataa kupita.

"Dada, hicho ni kichwa au mnara wa simu?" aliuliza kijana wa kiti cha pili, kwa sauti nzito iliyowageuza watu wa mbele.

"Na hiyo ni sauti au jenereta?"

"Ndiyo maana wananiita Besi. Lete hiyo nikulegezee."

"Hata jina hujaniuliza, tayari unanilegezea vitu?"

"Nitakuuliza ukifaulu. Siulizi majina ya watu watakaofeli."

"Basi niite Chiriku, uanze kuzoea."

Mtihani wenyewe ulikuwa wa kutazama nukta zinazotembea kwenye skrini huku sauti masikioni ikitaja tarakimu. Mtahiniwa alitakiwa kuzikumbuka tarakimu, na kubonyeza kitufe kabla nukta mbili hazijagongana. Besi alikuwa ameisubiri siku hiyo tangu akiwa mtoto. Alikuwa amesoma vitabu, amejua aina za ndege, hata mawingu alikuwa akiyaita kwa majina. Alikuwa na kasoro moja tu: nukta moja ikimvutia, nyingine zote anazisahau.

Majibu yalipotoka, Chiriku alikuwamo. Besi hakuwamo.

Lakini chuo hakikumwacha aende zake. Pale chuoni wanafunzi hujifunzia kwenye rada ya kompyuta, na chumba cha pili hukaa watu wanaojifanya marubani. Mwanafunzi akitoa agizo kwa redio, rubani huyo wa uongo humjibu na kuisogeza ndege kwenye skrini. Kazi hiyo huhitaji sauti nzuri, na sauti Besi alikuwa nayo. Akaikubali kazi, akajiambia kwamba angalau yuko jengo moja na ndoto yake.

Ukuta mmoja ukawatenganisha, na redio ikawaunganisha. Mchana kutwa Chiriku alimwamrisha apande, ashuke, ageuke kushoto. Jioni walipotoka Besi alikuwa akimwambia, "Malkia wangu, leo umenizungusha mpaka nina kizunguzungu."

"Usiponitii nakuacha huko huko juu mafuta yakuishie."

"Nikiishiwa nitatua kwenye mapaja yako."

"Hapo pana ndege nyingi kwenye foleni, mpenzi."

Utani tu huo, lakini Besi aliubeba mpaka nyumbani na kulala nao, na haukupita muda ukageuka mapenzi ya kweli.

Kisha wakafika hatua ya mafunzo ambayo kila mwanafunzi hupewa mwalimu wake. Chiriku akapewa Twiga, mwanamume mrefu, mtanashati, shati jeupe lisilo na mkunjo hata saa tisa alasiri. Kwa utaratibu wa kazi ile, mwalimu hukaa bega kwa bega na mwanafunzi, hedifoni zao zimechomekwa kwenye meza moja, wakisikia sauti zilezile kwa wakati uleule. Mwanafunzi akikosea, mwalimu hunyoosha mkono na kukamata redio mwenyewe.

Besi aliyasikia yote hayo masikioni mwake. Alisikia pumzi ya Twiga kabla ya kusema. Alisikia Twiga akimwambia Chiriku, "Taratibu, mama, usiharakishe," na Chiriku akicheka kicheko ambacho Besi alidhani ni chake peke yake.

"Kaka, unatafuna waya," alimwambia dada wa makamo aliyekaa meza ya jirani, naye rubani wa uongo kama yeye.

"Sitafuni kitu."

"Basi meno yako yanafanya nini hapo?"

Simu hazikuruhusiwa kwenye chumba cha rada. Chiriku alikuwa akiifungia yake kabatini asubuhi, na siku hizo alikuwa akiichukua giza likianza kuingia. Besi alipiga, simu ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Aliyemwonea wivu alikuwa Twiga, lakini angejikagua kwa dhati angeona kwamba alikionea wivu hata kile kiti cha mbele ya rada. Mwanamume mwingine alikuwa amekaa karibu na mpenzi wake, na mpenzi wake alikuwa amekaa mahali ambapo yeye Besi alitamani kukaa maisha yake yote. Mambo mawili hayo yalimchoma kama moto mmoja.

Jioni moja, siku moja kabla ya mtihani wa mwisho, aliliona gari la Twiga likitoka getini. Chiriku alikuwa kiti cha mbele. Besi alisubiri mpaka akakadiria kwamba amefika kwao, ndipo akapiga.

"Kipenzi, ulikuwa wapi?"

"Nilipita kwa rafiki yangu. Nimechoka, mpenzi, acha nilale. Niombee kesho."

"Rafiki gani?"

"Aa, humjui."

Besi alikata simu, akaketi akiitazama kama imemtukana.

Asubuhi Chiriku aliingia kwenye mtihani na shati jeupe na sketi nyeusi, midomo imemkauka. Nyuma yake alisimama mkuu wa chuo, mama wa miwani aliyekuwa ameongoza ndege tangu wengi wa wanafunzi wake hawajazaliwa. Kwenye korido, kabla mlango haujafungwa, Twiga alimwekea Chiriku mkono begani na kumnong'oneza neno. Besi aliona.

Mtihani ulianza vizuri. Ndege ziliingia moja moja, Chiriku akazipanga, sauti yake imetulia. Akaigeukia ndege iliyoitwa Mbawa Sita. Rubani wake alikuwa Besi.

"Mbawa Sita, shuka hadi futi elfu nne."

Kidole cha Besi kilikuwa juu ya kitufe. Hakukibonyeza. Alitaka naye aonje kuita bila kupokewa.

"Mbawa Sita, shuka hadi futi elfu nne."

Kimya.

Kila mwanafunzi wa pale anajua la kufanya ndege ikinyamaza. Unahesabu kwamba redio yake imekufa, unaziondoa nyingine zote kwenye njia yake, unaiachia nafasi itue. Chiriku alilijua somo hilo. Lakini alimjua pia aliyekuwa upande wa pili.

"Mbawa Sita, unanisikia?" Sauti ilianza kupanda. "Mbawa Sita, nijibu." Kisha akasema maneno ambayo hayafundishwi na chuo chochote: "Jamani, nijibu basi! Nimekukosea nini?"

Pembeni mwa skrini ndege nyingine mbili zilikuwa zinakaribiana. Hakuziona. Zilikuwa zimewekwa pale zimsubiri, naye macho yote yalikuwa kwenye nukta moja.

"We Besi! Jibu!" yule dada wa jirani alimpiga kofi mkononi.

Besi alibonyeza kitufe, lakini kengele ya hatari ilikuwa imeshalia.

"Simamisheni," alisema mkuu wa chuo.

Walikutana kwenye ngazi za dharura. Chiriku alikuwa halii. Besi angeona nafuu kama angelia.

"Redio yako ilikufa?"

"Jana ulikuwa wapi?"

"Nijibu mimi kwanza!"

"Redio nzima. Jana ulikuwa wapi, Chiriku? Nilikuona garini."

"Uliniona garini. Na mkewe kiti cha nyuma na mtoto, hukuwaona? Wanapita njia ya kwetu." Alipumua. "Nilikuwa humu humu chuoni. Nilipewa onyo, Besi. Nikifeli leo natolewa. Twiga alikuwa anabaki kunifundisha baada ya kazi, hakuna aliyemlipa."

"Ungeniambia! Kwa nini unidanganye?"

"Nikuambie nini? Wewe ungekubali kukatwa kidole upewe kile kiti. Nije nikulilie kwamba nimekipata na kinanishinda? Niliona haya." Akashuka ngazi mbili, akageuka. "Nimeulinda moyo wako, wewe umenimaliza."

Besi alibaki kwenye ngazi mpaka miguu ikafa ganzi. Kisha akapanda, akabisha mlango wa mkuu.

"Mama, ule ukimya wa Mbawa Sita haukuwa kwenye mpango wa mtihani."

"Nilidhani mwalimu ameuongeza. Ukimya huo ulitoka wapi?"

"Kwangu. Nilikuwa na wivu."

Mama alivua miwani. "Unaelewa kwamba nikiripoti hivyo huna kazi?"

"Ripoti, mama. Ila yeye arudie."

"Atarudia, kwa kuwa mtihani uliharibiwa. Lakini usidhani umemsafisha. Redio za ndege hufa kweli, kijana, na mwongoza ndege habembelezi. Anawaondoa wengine njiani. Hilo nitamwambia mwenyewe, na silaini maneno. Sasa nipe kitambulisho chako."

Chiriku alirudia mtihani na rubani mwingine. Walimnyamazishia ndege kwa makusudi, safari hii kwa mpango. Akaita, akaita tena, akaiachia njia, akawapanga wengine bila sauti kutetemeka. Alifaulu. Simu za Besi hakupokea hata moja.

Besi alipata kibarua kituo kikuu cha mabasi, kutangaza safari. Sauti ile iliyoshusha ndege za uongo sasa iliwaita abiria wa kweli, na wauza maji walisema tangu aje hata wasiosafiri wanageuka.

Mchana mmoja alikuwa kwenye kibanda chake cha kioo alipomwona mbele yake Chiriku, gauni la njano, sanduku kubwa pembeni.

"Nimepangiwa kazi," alisema. "Uwanja mdogo, mbali. Basi langu ni lipi?"

"Lile jeupe." Besi alizima kipaza sauti. "Chiriku, nilikufanyia unyama."

"Mkuu aliniambia ulikwenda mwenyewe. Aliniambia zamani, ila hasira ilikuwa haijanitoka. Sasa nikuulize. Kule tutakuwa wawili tu mnarani, mimi na mwenzangu. Mwanamume. Zamu nzima. Utaweza?"

Besi aliitafuta sauti yake nzito, akapata nusu yake.

"Nitaona wivu. Nikisema sitaona nitakuwa nakudanganya. Lakini ukipiga nitapokea, hata kama nimenuna."

"Ukipokea utasema nini?"

"Nitasema nimenuna."

Chiriku alijaribu kuficha tabasamu, likamshinda. "Mama yangu yuko nyumbani kila Jumapili. Anasema amechoka kumsikia mwanamume ambaye hajawahi kumwona. Nenda ukamwambie unataka nini kwa binti yake, na uende na mtu mzima wa kwenu."

Dereva alipiga honi. Chiriku alikimbia, sanduku likirukaruka nyuma yake. Besi alimwona akipanda, akamwona akikaa dirishani. Akamwona pia kijana mmoja wa miwani myeusi, kifua kama mlango, akijitupa kiti cha pembeni yake na kumsaidia kuweka mkoba juu.

Simu yake iliita. Akaipokea kabla haijaita mara ya pili.

"Umemwona?" aliuliza Chiriku.

"Nimemwona."

"Na?"

"Nimenuna."

"Sana?"

"Sana. Anacheka nini huyo?"

Basi lilikuwa limeshaanza kurudi nyuma. Abiria wa mabasi mengine walikuwa wamejaa mbele ya kibanda, wanagonga kioo, wanataka kutangaziwa.

"Basi nuna, mpenzi," alisema Chiriku, "ila usikate."