Robo Tatu Zilizobaki

Kila jioni, baada ya kuvua sare ya shule na kuosha vyombo, binti wa seremala aliingia karakanani kufagia maranda. Baba yake alimwita Profesa, kwa sababu tangu ajiunge na klabu ya kompyuta hata chumvi alitaka kuipima kwa hesabu. Lakini mwaka huu utani ulikuwa umepungua. Msumeno ulimjeruhi Baba mkono wa kulia, na vidole vitatu havikukunjika tena. Patasi aliyoishika miaka ishirini sasa ilimponyoka.

Tumaini lililobaki lilikuwa mashine kuukuu ya kuchonga mbao. Shule ya jirani ilimpa kazi ya kuchonga duara kubwa katika mbao nne za milango ya ukumbi. Walimletea mbao tano, moja ya akiba, na gari lingekuja kuzichukua Ijumaa mchana. Kazi hiyo ikimshinda, Baba alisema, atafunga karakana.

Mashine iliongozwa na kadi ndogo ya kielektroniki isiyo na nafasi ya programu kubwa za hesabu. Ili kisu kizunguke, kadi ilihitaji kukokotoa sini na kosini ya kila pembe. Profesa aliandika programu yake mwenyewe, kwa kanuni fupi aliyofundishwa klabuni. Alifunga kalamu mahali pa kisu, akachora robo duara kwenye karatasi. Ilitoka safi. Wenzake walikuwa wakimngoja uwanjani, naye akaona robo tatu zilizobaki ni ndugu wa ile ya kwanza, akaziacha bila kuzijaribu.

“Umezungusha duara zima?” Baba aliuliza.

“Ndiyo, Baba.”

Jumatano jioni waliifunga mbao ya kwanza kwenye mashine. Robo ya kwanza ilichongeka vizuri, na Baba akatabasamu. Katika robo ya pili mstari ulianza kutanuka. Katika robo ya tatu kisu kilichupa, kikapasua mbao hadi ukingoni. Baba alichomoa waya kwa mkono wake mzima.

“Mota imechoka,” alisema taratibu. “Au mimi ndiye sikuifunga mbao sawasawa. Kidole kimoja hakivunji chawa, mwanangu, na mimi nimebaki navyo viwili.”

Profesa alijua papo hapo kosa lilikuwa wapi. Alitaka kusema, lakini akachukua fagio, akafagia vipande. Mbao ya akiba ilikuwa imekwisha kwa sababu yake.

Baba aliifungua mota, akasafisha kila jino la gia na kukaza kila skrubu. Hakuona kasoro, na kila alipokosa kuiona alizidi kujilaumu. Chakula hakukigusa. Mama alipomwita mara ya tatu, alijibu kwamba mtu asiyeweza kazi yake hana haki ya kula. Profesa alisikia, akajiona mtoto mbaya kuliko wote duniani, na bado akanyamaza.

Alhamisi asubuhi alimkuta Baba akizifunga patasi zake ndani ya kitambaa.

“Unazipeleka wapi?”

“Kwa seremala mwenzangu. Yeye ana mikono. Nikitoka huko nitawaambia wenye milango waje wachukue mbao zao.”

Profesa alishika kile kitambaa, akaanza kulia. “Baba, mashine ni nzima. Mikono yako haina kosa. Nilijaribu robo tu. Nilikudanganya.”

Baba alikiachia kile kitambaa. “Usiku kucha nimejiona si mtu,” alisema, “na wewe ulikuwa ukiniangalia.”

Hakumpiga, wala hakupaza sauti, na Profesa aliona heri angepigwa. Kisha Baba alifungua mlango. “Twende kwa mwalimu wako.”

Mwalimu wa klabu aliisoma programu, akatikisa kichwa. “Kanuni yako husema kweli pembe ikiwa ndogo. Kadiri pembe inavyokua, ndivyo inavyodanganya.”

“Sasa pembe kubwa tuzifanyeje?” Profesa aliuliza.

“Zirudishe nyumbani. Kila pembe ina mwenzake katika robo ya kwanza. Mtafute huyo, kokotoa sini yake, kisha angalia kama jibu ni la jumlisha au la kutoa.”

Mwalimu alimpa ruhusa ya siku mbili asiingie darasani. Siku ile nzima Profesa aliandika, akafuta, akaandika tena. Kuelekea jioni kalamu ilizunguka duara zima kwenye karatasi. Baba alishusha pumzi. Gari lingekuja kesho yake mchana, na tayari alikuwa amenyanyua mbao.

“Baba, subiri. Halijafunga.”

Mwanzo na mwisho wa mstari viliachana kwa upana wa uzi.

“Hapo vanishi itapita. Nani ataona?”

“Mimi nimeona. Kwenye mbao itakuwa ngazi.”

Alirudi kwenye programu, akaipitia mstari kwa mstari huku akiogopa kwamba muda utawaishia. Ndipo akaiona: pai aliiandika 3.14, kama walivyozoea darasani. Kila mzunguko ulipungua kidogo. Akaandika 3.1415927, akachora upya. Baba aliweka bikari katikati ya karatasi, akafuata mstari wote. Ulifunga.

Mbao ya kwanza kati ya zile nne zilizobaki ilitoka salama usiku uleule, na kesho yake ya pili na ya tatu. Wakati ya nne ikichongwa, Baba aliketi karibu na binti yake.

“Hesabu kukosea hakukuniumiza sana,” alisema. “Fundi asiyekosea hajaanza kazi. Kilichoniumiza ni kutafuta ugonjwa mahali usipokuwepo, na anayeujua amekaa kimya. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ulichokipima, sema umekipima. Usichokipima, sema hujakipima, tusaidiane.”

“Nimesikia, Baba. Nisamehe.”

Gari lilifika kisu kikiwa ndiyo kwanza kimesimama. Dereva alikuwa na haraka. Alizitazama mbao, akazipenda.

“Zote mmezikagua?”

Baba alimgeukia Profesa.

“Tatu tumezikagua,” Profesa alisema. “Ya nne bado.”

“Basi utatusubiri,” Baba alimwambia dereva, akampa binti yake bikari.