Aliyedaka Kamba

Siku kamba ilipodakwa, nahodha hakugeuka kutazama. Alisikia sauti ya kike gatini ikisema, "Nimeshika," naye akajibu kama alivyozoea: "Asante, mke wangu."

Ndipo akakumbuka kwamba mkewe yuko nyumbani na mtoto wa miezi miwili.

Gati lilikuwa tupu. Kitanzi kilikuwa kimevishwa kwenye nguzo vizuri kabisa, na juu ya mbao palikuwa na nyayo mbili za maji.

Kwa miaka minne mkewe ndiye aliyempokea kila alasiri boti ya mizigo iliporudi. Alidaka kamba, akasema "Nimeshika," na mume akashukuru. Mimba ilipokuwa kubwa, mume alijifunza kufunga boti peke yake ili asimchoshe. Kamba moja ilifungwa katikati ya boti, na kwa upondo mrefu alivisha kitanzi chake kwenye nguzo. Kisha injini polepole mbele, usukani ukilazwa upande wa maji. Kamba ikikaza, boti inajibana yenyewe kwenye matairi ya gati, na mtu anafunga mbele na nyuma bila haraka.

Nyumbani hakusema kitu, asije akamtisha mzazi. Lakini shati lake lilinukia.

"Hii asumini umeitoa wapi?" mkewe aliuliza, akinyonyesha.

"Asumini gani? Nimebeba saruji kutwa nzima."

"Kumbe saruji siku hizi inajipaka manukato! Hongera yake."

Alitania, ila moyo ulimchoma. Kesho yake shati lilirudi na unywele mrefu uliolowa, umezungushwa kwenye kifungo mara saba. Mume yule yule aliyeamka mapema kumfulia nepi kabla ya kwenda kazini! Alilia kimya, akajifuta kwa nepi hizo hizo.

Siku ya tatu alimwacha mtoto kwa jirani, akaenda gatini kumfumania huyo mwanamke. Aliona boti ikija, mumewe hajagusa upondo, ameketi kama mtu aliyelala macho wazi, na kamba ikainuka yenyewe, ikapita hewani polepole kama inayovutwa na mikono, ikavaa nguzo, na harufu ya asumini iliyooza ikamjaa puani, na sikioni mwake, karibu kabisa, sauti inayofanana na yake mwenyewe ikanong'ona: "Ameniita mke. Wewe nani?"

Jioni hiyo hiyo walikwenda kwa mganga, bibi mnene aliyekuwa akimenya vitunguu. Hakuacha kumenya.

"Umemshukuru mara ngapi?"

"Kila siku, bibi," nahodha alinong'ona. "Mdomo umezoea."

"Basi umeoa. Kila asante yako inamwambia, hapa ni kwako. Kesho funga boti mwenyewe. Ukisikia sauti, iwe ya nani, usishukuru."

Kesho yake upepo uliisukuma boti nje. Mkewe alisimama mbali, mtoto kifuani. Nahodha alinyoosha upondo, kitanzi kikatupwa majini. Akanyoosha tena, kikatupwa tena, na sauti ikambembeleza, "Nimeshika, mume wangu, nimeshika," kisha ikalia, kisha ikapiga kelele kama mwanamke aliye katika uchungu wa kuzaa, naye huku machozi yakimtiririka akauma mdomo hadi damu, akavisha kitanzi mara ya tatu, akalaza usukani, akaongeza mwendo kidogo, kamba ikakaza ikilalama, na boti ikajibana kwenye matairi.

"Nimefunga mwenyewe," alisema.

Harufu ikakatika.

Mkewe alicheka na kulia kwa pamoja. "Natangulia nikakuwekee maji ya kuoga!" alimwita, akapanda nyumbani mbio mbio.

Jikoni aliinama, akamweka mtoto mgongoni, akaivuta mbeleko. Mtoto akaanza kuteleza. Mikono miwili ikamshikilia kwa nyuma, taratibu, mpaka mama akamaliza fundo. Hivyo ndivyo mumewe alivyomsaidia kila siku bila kuombwa.

"Asante, baba," alisema kwa upendo, akainua uso.

Dirishani alimwona mumewe. Bado yuko kule chini gatini, ameinama, anafunga kamba ya nyuma.

Jiko zima lilinukia asumini.

"Nimeshika," ilisema sauti mgongoni mwake.